Mlango mmoja, nyaya ishirini na tatu: uzi wa fundi anayejifunza rangi za maji

FundiNyaya | 13 Juni

Assalamu alaykum wanabarza.

Mimi ni fundi umeme, nakaa Kikwajuni, na kazi zangu nyingi ziko Mji Mkongwe. Nachora. Sisemi mimi msanii, nachora tu kama mwengine anavyocheza bao. Uzi huu nimeufungua niwe naweka hapa ninachofanya, kizuri na kibaya, maana mpaka sasa mtizamaji wangu ni mke wangu peke yake, naye kila kitu husema "kizuri". Juzi nimempa karatasi ikiwa juu chini, akasema kizuri vile vile.

Nilianza lile giza la miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima haina umeme. Nilikuwa bado mwanafunzi wa fundi. Bosi wangu akahamia kwenye majenereta, mimi siyajui, akanambia kaa kwenu. Usiku tukiwasha kandili natizama kivuli cha birika ukutani. Nikachukua daftari la vipimo vya kazi nikakifuata kile kivuli kwa penseli. Birika lile nimelichora si chini ya mara arubaini. Umeme uliporudi nilirudi kazini, ila penseli iliyokaa sikioni haikuwa tena ya vipimo tu.

Rangi za maji nimezianza mwaka juzi. Nina kisanduku cha vidonge kumi na viwili, brashi mbili za mviringo, namba 8 na namba 2, kopo la maziwa la kutilia maji na ubao wa plaiwudi ninaoulaza gotini. Kila Ijumaa asubuhi, saa moja na nusu mpaka saa tatu, nakaa kwenye barza moja Kiponda nachora mlango ulio mbele yangu. Mlango ule ule kila wiki. Una nakshi za mnyororo pembeni, mfaa, ule mti wa katikati, umeliwa kidogo na mchwa chini, na misumari ya shaba imebaki michache.

Suala langu kwenu. Juu ya mlango huo zinapita nyaya ishirini na tatu. Nimezihesabu, ndiyo kazi yangu. Za umeme, za simu, za dishi, na moja sijui ya nini: shaba tupu, haina ganda, imefungwa kwenye vikombe viwili vya kauri, na haiingii mita yoyote. Nizichore au niziache? Picha ya kwanza ninayoiweka hapa inazo zote.

---

MtotoWaHurumzi | 13 Juni

Waalaykum salaam fundi. Mitaa hiyo nimezaliwa mimi. Ziache. Nikitizama picha ya mji wetu nataka niuone kama alivyouona bibi yangu, ukuta, mlango na paka. Nyaya naziona bure kila siku na shingo inaniuma.

---

KaziKwanza | 14 Juni

Sheikh, kwa heshima zote, mlango wenye nyaya atanunua nani? Mtalii anataka twiga na machweo. Chora Tingatinga, utauza mpaka Nungwi.

---

FundiNyaya | 14 Juni

@KaziKwanza sijasema nauza. Halafu Tingatinga ni kazi nyengine kabisa. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alikuwa akipaka rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi kule Dar es Salaam. Rangi zile zinafunika. Ukikosea twiga unampaka twiga mwengine juu yake. Hizi zangu hazifuniki kitu. Nikikosea, kosa linanitizama.

---

Karatasi_Tupu | 15 Juni

Nimeitizama picha yako kwa muda. Nyaya si tatizo lako la kwanza. Tatizo ni ukuta. Umeupaka rangi nyeupe, sivyo?

Kitupe kile kidonge cheupe, au mpe mtoto. Kwenye rangi za maji nyeupe yako ni karatasi yenyewe. Panapopigwa na jua usiguse, pabaki pakavu hivyo hivyo. Unachopaka ni kivuli, na kivuli cha ukuta wa chokaa si cha majivu. Kina buluu ndani yake kwa sababu ya mbingu, na kikishuka karibu na ardhi kinapata joto, maana jua linapiga chini linarudi juu.

Chukua buluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, ile ya hudhurungi nyekundu, zichanganye kwa maji mengi. Ukitaka kijivu cha baridi zidisha buluu, ukitaka cha joto zidisha siena. Rangi mbili hizo zinakutosha kwa Mji Mkongwe wote, hadi milango. Tena ultramarini ina chembe zinazotuama kwenye vishimo vya karatasi, utapata ule ukwaruzo wa plasta iliyochakaa bila ya kuutafuta.

Siku nyengine tutasema karatasi.

---

FundiNyaya | 20 Juni

Ahsante mwalimu (nakuita mwalimu, usikatae). Leo nimeharibu kuta tatu na ya nne imekaa.

Naeleza nilivyofanya kwa anayejifunza kama mimi. Ubao nimeuinamisha gotini. Brashi namba 8 nimeijaza mpaka inataka kudondosha. Nikaanza juu kushoto, mkono mmoja taratibu mpaka kulia, na chini ya mstari ule ukaning'inia ukingo wa maji, kama jasho kwenye mdomo wa juu. Mstari wa pili unaugusa ukingo ule tu, rangi yote inateremka yenyewe. Wa tatu hivyo hivyo. Ukirudi nyuma kusawazisha umekwisha! Kuta tatu za mwanzo zote niliziua kwa kusawazisha. Hiyo ni tabia ya ufundi, mtu huachi waya mpaka umenyooka.

Na kosa jengine la kijinga. Karatasi nimeibandika ubaoni kwa tepu yangu ya umeme, ile nyeusi. Nilipoibandua imeondoka na ngozi ya karatasi pembe zote nne. Tumieni tepu ya karatasi.

Nyaya nimezichora tena zote. Samahani @MtotoWaHurumzi.

---

MtotoWaHurumzi | 20 Juni

Ukuta mashaallah. Sasa uvue hiyo miba.

---

MuscatKwaSasa | 22 Juni

Nimeipita picha hii kisha nikairudia. Hiyo barza unayokaa ndugu yangu, ukienda mkono wa kulia hatua thelathini si kuna kisima kimefunikwa? Mie nilikuwa nikipitishwa hapo kwenda chuoni. Usijali kunijibu, naitizama tu.

Nami napaka kidogo hapa Muscat, ndani ya nyumba. Kiyoyozi kinanikausha rangi kabla brashi haijafika upande wa pili. Hiyo "kama jasho mdomo wa juu" mie siioni kabisa.

---

FundiNyaya | 22 Juni

Kisima kipo dada. Juu yake sasa kuna tangi la plastiki. Kuhusu kukauka, lowesha karatasi nyuma kwanza kwa sponji na uzime kiyoyozi dakika kumi. Huku kwetu nina shida ya kinyume chake. Masika nimepaka mbingu asubuhi, nikaenda kazini, nikala, nikarudi, ikawa bado inateleza.

---

FundiNyaya | 18 Julai

Jamani msaada. Nina bloku ya karatasi nzuri, gramu 300, nilimuagiza jamaa Dar tangu mwaka jana nikaitunza chini ya kitanda kama dhahabu. Leo nimeifungua. Nimetandaza rangi, mara yametokea madoa ya kiza, hapa na pale, kama ngozi yenye mba. Penye doa rangi inazama, haitoki hata kwa kitambaa. Karatasi ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Rangi ni zile zile, maji yale yale.

---

Karatasi_Tupu | 18 Julai

Chini ya kitanda, Unguja, masika nzima. Pole.

Karatasi ya rangi za maji hutiwa gundi nyepesi, mara nyingi jelatini, ndani na juu yake. Kazi ya gundi hiyo ni kuyazuia maji yasinywewe hapo hapo, ndiyo ukapata nafasi ya kucheza na rangi. Unyevu na joto vikikaa muda mrefu vinaila gundi kwa viraka. Kwa macho huoni kitu. Ukipitisha maji ndipo viraka vinapojitangaza, kila penye kiraka karatasi inakunywa kama ile ya kukaushia wino ya zamani.

Haiponi. Ila usiitupe, kwa penseli na kalamu ya wino inafaa sana. Karatasi mpya itie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa barabara, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Weka juu ya kabati, si chini, na nunua kidogo kidogo.

---

FundiNyaya | 18 Julai

Vipakiti vile ninavyo gunia zima, kila kifaa cha umeme kinakuja navyo. Miaka yote nikivitupa!

Karatasi ishirini lakini. Mke wangu kasema nizitumie kufungia visheti.

---

BintiWete | 19 Julai

Assalamu alaykum, nipo Pemba, nasomesha bayolojia skuli na nachora majani na matunda kwa ajili ya wanafunzi, basi nikanogewa. Naongezea kwenye hiyo habari ya unyevu, maana mie tatizo langu lilikuwa koga kwenye vidonge vya rangi. Nikifungua kisanduku baada ya wiki nakuta manyoya meupe, hasa kwenye njano na hudhurungi.

Kwanza, msifunge kisanduku kikiwa kibichi. Kiacheni wazi usiku kucha, mbali na mende, wanaila ile gundi ya rangi. Pili, dawa tunayo wenyewe: mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yale yanayokamuliwa kiwandani Wawi. Tone moja kwenye chupa ndogo ya maji, tikisa sana, nyunyizia vidonge kabla ya kuanza kazi. Hata huko nchi za nje wanaotengeneza rangi wenyewe hutia mafuta ya karafuu kwenye gundi ya mgunga ili isioze. Sisi tunayo mlangoni tunayanusa tu.

Ila TONE MOJA. Mie nilijifanya najua, nikayapaka yenyewe kwa pamba ndani ya kisanduku cha plastiki. Plastiki ikapauka, ikalainika, ikawa inanasa kidole. Na wanafunzi wakanambia nanuka kama mtu aliyetoka kung'oa jino.

---

KaziKwanza | 19 Julai

Huu uzi sasa umekuwa wa famasia.

---

FundiNyaya | 25 Julai

Nimepumzika na mlango, Ijumaa hii nimekwenda Malindi kuchora jahazi. Maji yalikuwa bamvua, yale yanayojaa na kutoka kwa nguvu, na mimi sikulifikiria hilo. Nimeanza chombo kinaelea, nusu saa baadaye kimekaa mchanga na kimelala ubavu. Nikamalizia kwa kukumbuka, nikaongeza tanga ili kipendeze. Picha hiyo hapo. Mnaonaje?

---

NahodhaMstaafu | 26 Julai

Kijana, mimi si mchoraji. Nimekwenda na majahazi toka nikiwa mtoto mpaka magoti yalipokataa. Naomba radhi kabla ya kusema.

Mlingoti umeusimamisha kama mnara wa msikiti. Mlingoti wa jahazi huinama mbele. Foromali yako, ule mti unaobeba tanga, imenyooka kama rula, na foromali huunganishwa miti miwili au zaidi kwa kamba, kwa hiyo hupinda, hasa huku juu kwenye ncha. Tanga umelijaza upepo kwenda kulia. Vizuri. Bendera ya nyuma inapepea kwenda kushoto. Huo upepo umetoka wapi? Na chombo kimetia nanga na tanga limejaa. Nahodha wake amelala?

Rangi ya maji yenyewe umeipata. Pale karibu na mchanga yanapokuwa kama chai ya maziwa, hivyo ndivyo.

---

FundiNyaya | 26 Julai

Shikamoo mzee wangu. Nimecheka peke yangu mpaka nimeulizwa. Kila ulilosema ni kweli, na la bendera limenitia aibu hasa, mimi ninayewaambia wateja waya mwekundu na mweusi usivichanganye.

Narudi Ijumaa ijayo, bila ya tanga.

---

NahodhaMstaafu | 26 Julai

Marahaba. Ukirudi tizama kwanza maji. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, chombo hakikuchezei sana, utapata saa yako nzima. Na anza na ngalawa kabla ya jahazi. Ngalawa ina ndubi mbili, yale magogo ya pembeni yanayoizuia isipinduke, ukizipata hizo mahali pake basi mengine yanafuata. Watu wengi huchora moja, ya pili wanaisahau upande usioonekana, chombo kinaonekana kitapinduka.

---

FundiNyaya | 8 Agosti

Ngalawa tano, kwa penseli tu, kwenye zile karatasi mbovu. Mzee amezipitisha tatu kwa ujumbe wa faragha. Nimeweka hizo tatu, mbili hamzioni.

Leo nimerudi mlangoni na nimefanya nilichoshauriwa na @MtotoWaHurumzi. Nimeziacha nyaya zote. Mlango, ukuta, kivuli, basi. Nakiri inapendeza. Imekuwa kama kadi ya posta.

---

MtotoWaHurumzi | 8 Agosti

HIVYO SASA. Hiyo naiweka kwenye simu yangu.

---

MuscatKwaSasa | 9 Agosti

Nzuri sana ndugu. Lakini mie naipenda ile ya Juni.

---

MtotoWaHurumzi | 9 Agosti

Dada we, uko mbali ndiyo maana unapenda nyaya.

---

Kijana_wa_Jangombe | 5 Septemba

Nimeusoma uzi wote leo kazini (bosi asijue). Suala: mbona huchori watu? Mji hauna mtu hata mmoja.

---

FundiNyaya | 5 Septemba

Marehemu baba yangu hakupenda picha za viumbe, na sikutaka kubishana naye ndani ya nyumba yake. Amefariki, lakini mkono umeshazoea. Najua wapo wanaoona hapana ubaya na siwahukumu, mimi nimekaa na langu.

Lakini tizama vizuri ile ya tarehe 27 Juni. Barza ina vikombe vinne vya kahawa, bao limeachwa katikati ya mchezo, na makubadhi jozi tatu na nusu. Watu wamejaa pale. Ile nusu jozi ni ya mzee mmoja mwenye mguu wa bandia, na wanaopita njia hiyo walimjua kwa kiatu kile wakaniletea salamu zake.

---

Kijana_wa_Jangombe | 5 Septemba

Basi nimekuelewa kaka.

---

BintiWete | 12 Septemba

Nami leo naweka zangu, fundi unisamehe kwa kukaa kwenye uzi wako.

Huku ni karafuu. Nyumba ya jirani wameanika uwani majamvi sita. Nimeamua kuchora kipande kimoja cha jamvi kila siku, upana wa vidole vinne, karatasi moja ndefu, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Siku ya kwanza ni kijani na waridi kidogo kichwani, maana huchumwa kabla ya kufunguka ua. Siku ya pili waridi imekuwa kama kidonda kinachopona. Ya tatu ndiyo iliyonitesa: haikuwa kijani wala kahawia, na nikichanganya nyekundu na kijani napata matope. Nikafanya hivi: nikapaka njano hafifu, nikaacha ikauke kabisa, nikapitisha siena juu yake nyepesi. Hapo ikaja. Siku ya tano ni siena na ultramarini kidogo, ile rangi mnayoijua nyote. Nyeusi sijaitumia hata tone.

Kinachonipendeza ni hiki. Karafuu ikikauka uzito hupungua kama theluthi mbili, na kwenye karatasi yangu unaliona hilo: siku ya kwanza zimebanana, siku ya mwisho baina yake jamvi linaonekana.

Kwa watakaojaribu: kila karafuu ina meno manne kichwani na kidonge katikati. Ukichora meno matano, mwanafunzi wangu wa darasa la pili atakukosoa.

---

Karatasi_Tupu | 12 Septemba

Hii ni kazi nzuri kupita yote iliyowekwa humu mpaka leo, fundi usinune. Binti, usikate hiyo karatasi, wala usiipambe kwa maandishi. Iache ndefu.

---

FundiNyaya | 12 Septemba

Sinuni. Nimemuita mke wangu aje aione. Amenyamaza. Kwa picha zangu hajawahi kunyamaza.

---

FundiNyaya | 10 Oktoba

Nimechanganyikiwa. Kivuli cha mlango wangu kimepotea. Juni nilikuwa na kivuli kizuri cha mshazari, kikitoka kwenye kizingiti cha juu kikishuka kwenye nakshi, ndicho kilichoipa picha uhai. Leo nimekwenda saa ile ile, barza ile ile, ukuta wote umefifia. Nikadhani mawingu, nikangoja. Mbingu safi.

---

NahodhaMstaafu | 10 Oktoba

Mlango umeelekea wapi?

---

FundiNyaya | 10 Oktoba

Kaskazini mzee.

---

NahodhaMstaafu | 10 Oktoba

Basi jua limekupita kichwani. Unguja iko digrii sita kusini ya ikweta. Juni jua liko kaskazini yetu, linaupiga mlango wako usoni. Siku hizi za mwanzo wa Oktoba adhuhuri linasimama utosini, jiti likisimamishwa halina kivuli. Kuanzia sasa linakwenda kusini, nyuma ya nyumba yako, na mlango utakaa kivulini mpaka mwanzo wa Machi, litakaporudi. Video za Ulaya mnazojifunzia kuchora hazitakwambia, kwao jua halivuki upande.

---

FundiNyaya | 10 Oktoba

Nimepanda paa za mji huu miaka kumi na tano na hili sikuliona mpaka nilipochora.

---

Karatasi_Tupu | 11 Oktoba

Usiukimbie mlango. Kivuli kitupu ndiyo mtihani wa ile michanganyo miwili. Hakuna jua la kukusaidia, kila kitu ni buluu, siena na maji.

Halafu mtafute John da Silva, aliyechora majumba na milango ya mji huu miaka mingi. Tizama anavyojua pa kumaliza nakshi na pa kuidokeza tu. Wewe bado unachora kila petali.

---

FundiNyaya | 12 Disemba

Nilipotea, kazi zilizidi, kila mwenye nyumba ya wageni anataka taa kabla ya msimu. Lakini nimechora, kwa penseli, dakika kumi kumi.

Nimechora pia upande wa Forodhani, Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, toka kwa mbali. Nyumba ya Sultani Sayyid Barghash ya 1883, iliyokuwa ya mwanzo Zanzibar kuwashwa umeme. Kwa sisi mafundi ile ni kama babu wa ukoo. Siku kipande cha jumba hilo kilipoanguka, 25 Disemba 2020, nilikuwa kazini si mbali, nikasikia. Nimeikalia mara tatu kuichora ilivyo sasa na mara tatu nimeishia kwenye nguzo za upande uliosimama. Picha siweki.

Mvua za vuli zimeufanyia ukuta wa mlango wangu kazi nzuri lakini. Chokaa imepata madoa ya chini kupanda juu, chumvi imetoka nje, na pale walipoziba kwa saruji pamebaki baka la kijivu lisilobadilika, limekaa kama kiraka cha suruali. Nilijaribu kurusha chumvi ya jikoni kwenye rangi mbichi nipate yale madoa. Zikatokea nyota. Ukuta wenye nyota.

---

Kijana_wa_Jangombe | 12 Disemba

Na maji ya bahari je? Si yana chumvi tayari.

---

Karatasi_Tupu | 12 Disemba

Usijaribu. Chumvi itabaki ndani ya karatasi, na kila unyevu ukipanda itavuta maji, picha itakuwa inalowa yenyewe kila masika.

---

FundiNyaya | 9 Januari

Leo sikulala mchana, naandika kabla sijasahau.

Nilikuwa kwenye barza yangu, mlango uko kivulini kama mzee alivyosema, nami nimeshaanza kukizoea kivuli chake. Nimepaka ukuta kwa mara moja bila kurudi nyuma. Nyaya nimeziacha, kama ninavyoziacha tangu Agosti. Mara mlango ukafunguka.

Miezi yote ile nilimuona mtoto akitoka, nilimuona paka. Leo katoka bibi, ameshika bakora na kanga mbili. Akanambia: "Wewe ndiye unayekaa hapo kila Ijumaa? Wanasema fundi umeme." Nikamwambia ndiyo bibi, shikamoo. "Marahaba. Swichi ya ukumbini inacheka cheche. Ingia."

Basi nikaingia nyumba niliyoichora mara ishirini na kitu. Dari ni boriti za mikoko, chumba chembamba kama vyote vya zamani, maana boriti ndizo zinazoamua upana. Swichi ilikuwa imeungua ndani, kazi ya dakika ishirini. Pesa hakutaka nikatae wala hakutaka kutoa, akaniletea kahawa na kashata.

Halafu akasema nioneshe hicho unachokichora. Nikampa ubao. Akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu. Mashaallah, mlango wangu. Akatizama tena.

"Na waya wa redio uko wapi?"

Nikamwambia bibi nyaya nimeziacha zote, ili picha ipendeze. Akasema nyengine siulizi, za juzi hizo. Nauliza wa shaba, wenye vikombe vya kauri. Mume wake aliuvuta mwenyewe toka dirishani mpaka nyumba ya pili, apate kusikiliza redio za mbali usiku. Redio imekufa zamani, mume amefariki, na mafundi kila wakija wanataka kuukata, yeye anawakatalia.

Ndiyo ule, jamani. Waya wa ishirini na tatu.

Nikatoa kalamu ya wino pale pale. Waya ukining'inia haunyooki, huwa na tumbo, na tumbo la ule limekaa karibu na ukuta wa pili kwa sababu upande wa dirisha ameukaza zaidi. Nimevuta mara moja, pumzi nimeizuia. Bibi kasimama nyuma yangu, akanigusa bega kwa bakora: "Shusha kidogo hapo." Nilikuwa nimeshamaliza. Na kweli ulitaka kushuka kidogo.

Ijumaa ijayo nimeahidi kumpelekea yake, yenye waya ulioshuka.

---

MtotoWaHurumzi | 9 Januari

Basi huo mmoja ubaki. Mmoja tu.

---

NahodhaMstaafu | 9 Januari

Nyumba hiyo naijua. Alikuwa akisikiliza na habari za hali ya hewa, alfajiri tukipita kwenda pwani anatuambia dirishani. Mpe salamu bibi.

---

MuscatKwaSasa | 9 Januari

Picha! Mmeandika yote hayo na picha haipo.

---

FundiNyaya | 9 Januari

Haijakauka dada.